Kabla hujasema umeona eksiwingi

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha alinisogezea karatasi yake ya sudoku, lile fumbo ambalo namba 1 hadi 9 hazijirudii kwenye mlalo, wima wala boksi la vyumba tisa, huku amenuna. Kwenye boksi la chini kulia kulikuwa na 9 mbili. "Nimeangalia kila mahali, kaka, sioni nilipokosea." Siku tatu baadaye binti mmoja, mwepesi wa macho kuliko sisi wote, akaja na msiba uleule. Wote wawili walikuwa wameona eksiwingi ambayo haikuwapo. Eksiwingi ni pale namba inapobakiwa na nafasi mbili tu katika kila mmoja wa milalo miwili, zote kwenye wima mbili zilezile; hapo unaifuta kwingine kote kwenye wima hizo. Nimechoka kulirekebisha kosa hili kwa mtu mmoja mmoja. Nalisema hapa mara moja, pamoja na mengine yanayotembea nalo.

1. Jua vijinamba vyako, zile namba ndogo za kuonyesha kinachoweza kuingia kwenye chumba, ni vya aina gani.

Kuna wanaojaza vyote: kila chumba, kila namba inayoweza kuingia. Na kuna wanaofuata mtindo wa Snyder, uliopewa jina la Thomas Snyder, bingwa wa dunia wa 2007, 2008 na 2011. Huo unaandika kijinamba pale tu namba inapobakiwa na vyumba viwili ndani ya boksi. Mitindo yote miwili ni mizuri. Hatari ni kuandika kwa mtindo wa pili, kisha ukasoma kana kwamba uliandika kwa ule wa kwanza.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, na bado inaniuma. Ilikuwa sudoku ngumu niliyopewa na mwenzangu, nami nikaikalia jioni mbili. Nilianza na mtindo wa Snyder kama kawaida yangu, nikafika mahali hakuna kinachosogea. Ndipo nikaona 7. Mlalo wa pili: 7 ndogo kwenye M2W3 (mlalo wa 2, wima ya 3) na M2W6, basi. Mlalo wa nane: M8W3 na M8W6, basi. Vyumba vinne, wima mbili, mstatili umenyooka. Moyo ulinidunda, maana hicho ndicho nilichokuwa nikikitafuta tangu jana yake. Nikafuta 7 zote nyingine za wima ya 3 na ya 6. M5W6 ilikuwa na 4 na 7 tu, kwa hiyo ikabaki 4. Nikaiandika kwa wino.

Kutoka hapo kila kitu kikafunguka. Hilo ndilo lililonidanganya zaidi. Ile 4 ilileta 2, 2 ikaleta jozi, jozi ikaleta nyingine, nikajaza vyumba zaidi ya ishirini bila kusita. Kisha mlalo wa mwisho ukagoma: 6 haikuwa na pa kuingia. Nikarudi nyuma, nikafuta, nikajaza tena, nikagota palepale. Karatasi ilikonda kwa raba hadi ikatoboka pembeni mwa boksi la 5, lile la katikati. Ile eksiwingi sikuigusa hata mara moja, kwa kuwa niliiona kwa macho yangu na nilijivunia kuiona.

Nikamwambia mwenzangu kwamba sudoku yake ina kasoro. Nilimwambia mbele ya watu. Yeye alikuwa ameshaimaliza, lakini hakubisha. Alivuta kiti, akaangalia vijinamba vyangu, akaweka kidole kwenye M2W8. "Hapa 7 haiingii?"

Inaingia. Kwenye boksi la 3 (la juu kulia), 7 ilikuwa na vyumba vitatu: M2W8, M1W9 na M3W9. Kwa kuwa ni vitatu, kwa mtindo wa Snyder sikuwa nimeandika chochote. Kwenye mlalo wa pili, basi, 7 ilikuwa na nafasi tatu, ya tatu haina alama. Na jibu lenyewe lilikuwa palepale kwenye M2W8, huku ile 4 niliyoipiga wino ikiwa ndiyo 7. Nilimwomba radhi jioni ileile. Tangu siku hiyo, kabla sijafuta kitu kwa eksiwingi, napitisha ncha ya penseli kwenye kila chumba kitupu cha mlalo ule, hata kisicho na alama, nikiuliza swali lake.

2. Utatu wazi, yaani vyumba vitatu vinavyogawana namba tatu tu, hauhitaji namba tatu katika kila chumba: 1-2, 2-3 na 1-3 ni utatu kamili. Swodifishi nayo, yaani eksiwingi ya milalo mitatu na wima tatu, haihitaji vyumba tisa. Milalo mitatu yenye nafasi mbili mbili inatosha, mradi zote ziangukie wima tatu zilezile.

3. XY-wingi ni vyumba vitatu vya namba mbili mbili: cha katikati XY, vya pembeni XZ na YZ, na inayofutwa ni Z. Hapo chumba cha katikati lazima kivione vyumba vyote viwili vya pembeni, yaani kiwe navyo mlalo, wima au boksi moja, lakini vya pembeni havilazimiki kuonana, na unafuta tu pale panapoonwa na vyote viwili. Binti yule alikuwa akizikataa XY-wingi halali mwaka mzima kwa sababu vya pembeni havikuonana. Mwaka mzima! Nilipomwambia alicheka, kisha akaenda kuzifungua upya karatasi zake za zamani.

4. Mstatili wa kipekee, yaani vyumba vinne vyenye jozi ileile ya namba ambavyo vingeipa sudoku majibu mawili, ni milalo miwili, wima mbili na maboksi mawili. Ukikuta vyumba vinne vyenye jozi ileile vimetawanyika kwenye maboksi manne, achana navyo.

5. Msihesabu namba za kuanzia mkadhani mmepima ugumu. Mwaka 2012 Gary McGuire na wenzake wa Ayalandi walionyesha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku ya namba 16 yenye jibu moja tu, kwa hiyo 17 ndiyo chini kabisa. Watu wakaanza kuziogopa za 17, na nyingi kati yake zinaisha kwa hatua za mwanzo kabisa, bila mbinu yoyote ya juu. Ile ya Arto Inkala wa Ufini ya mwaka huohuo, iliyosumbua wengi, ina namba 21. Kijana wangu huiruka sudoku kwa kuhesabu namba kwanza, nami kila mara namrudishia ileile mezani.

6. Mkikwama, andikeni vijinamba vyote. Vyote, hata ikichukua dakika kumi. Jana yule binti alifanya hivyo mbele yangu, amekunja uso. Alipitisha penseli kwenye mlalo aliokuwa na uhakika nao, akasimama, akaandika 7 ya tatu mahali alipopaacha wazi, bila kusema neno. Kisha akaanza na 3. Eksiwingi ya kweli ilikuwa hapo, wima ya 2 na ya 8, na safari hii alihesabu vyumba mara mbili kabla hajafuta.