Programu ya ustawi kwa wanafunzi wa Lubumbashi: kipengele gani kitawafanya warudi baada ya wiki ya kwanza?

Ndugu zetu wa L3 (mwaka wa tatu wa licence), mmeuliza hivi: mnatengeneza programu ya simu ya ustawi wa wanafunzi kwa ajili ya kazi yenu ya mwisho wa masomo, na mnatafuta kipengele kimoja kitakachowafanya watu waendelee kuifungua. Mmetaja mambo matatu: pointi za kubadilisha kwa uniti (salio la simu), orodha ya washindi, na hesabu ya siku mfululizo inayorudi sifuri mtu akikosa siku moja. Nitajibu kwa urefu, maana kipengele cha namna hii kikikosewa kinawaumiza wale wale mnaotaka kuwasaidia.

Kwanza mjue ukubwa wa kazi. Mwaka 2019 Baumel na wenzake walichapisha vipimo vya matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili. Kwa thamani ya kati, waliokuwa bado wanaifungua programu siku ya 15 walikuwa asilimia 3.9, na siku ya 30 asilimia 3.3. Kati ya watu mia walioiweka kwenye simu, mwezi ukiisha wamebaki watatu. Kwa hiyo msije mbele ya jopo na idadi ya waliopakua, haisemi lolote.

Orodha ya washindi iondoeni leo hii. Mwanafunzi ambaye moyo umemchoka ndiye atakayejikuta mkiani, na wa kwanza atakuwa mwenye mega (data ya intaneti) za kutosha na umeme nyumbani. Pointi za uniti nazo zina madhara yake: mtu atasajili laini tatu, atabonyeza jibu lolote ili apate malipo, na takwimu zenu zitakuwa takataka. Kuna jambo la ndani zaidi pia. Mwaka 1973 Lepper, Greene na Nisbett walionyesha kwamba watoto waliopenda kuchora, walipoahidiwa zawadi kwa kuchora, baadaye walichora kwa hiari yao kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Siku uniti zitakapokwisha, na zitakwisha, watu wataondoka nazo.

Hesabu ya siku mfululizo ndiyo inayodanganya wengi, kwa sababu wiki ya kwanza inafanya kazi vizuri. Shida inaanza siku ya kukosa. Lally na wenzake huko London mwaka 2010 walifuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya: thamani ya kati ilikuwa siku 66, wengine 18, wengine wakikadiriwa hadi 254, na kukosa nafasi moja hakukuharibu zoea. Kinachoharibu ni kumwonyesha mtu sifuri. Hapa kwetu siku inakosekana kwa sababu zisizohusu nia ya mtu: delestaji (mgawo wa umeme) imeingia saa kumi na mbili, simu imezimika, mega zimekwisha, simu ameichukua mdogo wake. Kumwadhibu kwa hayo ni kumwonea. Wekeni namba mbili tu: «siku 4 kati ya 7 zilizopita», na jumla ya majibu tangu mwanzo. Hiyo ya pili haishuki kamwe.

Sasa kipengele chenyewe. Ningejenga swali moja la jioni, la sekunde 20, miguso mitatu ya kidole basi. Mguso wa kwanza: «Leo ilikuwaje?», sura tano kutoka mbaya sana hadi nzuri sana. Wa pili: nini kimeigusa siku zaidi, katika machaguo manne: usingizi, masomo, pesa, watu. Wa tatu: programu inatoa vitendo vidogo viwili na mwanafunzi anachagua kimoja au anaruka. Kitendo kiwe cha dakika tano au chini, kisidai pesa wala intaneti: kumwandikia ujumbe mtu mmoja, kuandika kazi tatu za kesho na kuweka alama kwenye ile moja ya lazima, kuweka simu mbali na kitanda. Na kifungwe kwenye jambo ambalo tayari liko katika siku yake: «Nikimaliza kula usiku, nitaandika kazi tatu za kesho.» Utafiti wa Gollwitzer kuhusu mipango ya namna hiyo, «ikitokea hivi, nitafanya vile», uko wazi kwamba inasaidia kuliko nia ya jumla. Muacheni mwanafunzi aandike mwenyewe sehemu ya kwanza. Anayekaa kwenye nyumba za wanafunzi pale Kassapa na anayeshuka na taksi-basi kwenda Ruashi hawana jioni moja.

Watu wengi huacha mapema kwa sababu wanatoa kila siku na hawapati kitu. Kwa hiyo programu lazima irudishe jambo ambalo mwanafunzi hakulijua. Majibu yakifika saba, muonyesheni sentensi moja kutoka kwenye majibu yake mwenyewe: «Siku ulizotaja usingizi ndizo ulizozipa alama za chini.» Kabla ya saba nyamazeni, mkitoa hitimisho kwa majibu mawili mtakuwa mnakisia, na mwanafunzi atagundua. Pesa hujitokeza zaidi karibu na tarehe za minervali (ada ya chuo), hivyo msiiite tabia ya mtu.

Skrini ya kurudi ipeni muda mwingi kuliko skrini nyingine zote. Ni ile inayoonekana mtu akikaa siku tatu au zaidi bila kufungua. Isitaje siku alizokosa. Isimtake ajaze za nyuma. Iandike «Karibu tena. Leo ilikuwaje?» na sura tano zile zile, basi. Wiki za sesio (kipindi cha mitihani) na za interro (majaribio ya darasani) nyingi, wekeni kitufe cha «niko kwenye mitihani»: arifa zinapungua hadi moja kwa wiki, swali linabaki mguso mmoja, na mitihani ikiisha programu inarudi yenyewe kwenye hali ya kawaida. Asiye na kitufe hicho atafuta programu nzima ili apate utulivu.

Upande wa kiufundi, hapa ndipo programu nyingi zinafia mjini kwetu. Arifa ziwe za ndani ya simu, zisitegemee seva, maana mwenye mega sifuri hatapata arifa ya seva. Lakini kengele zilizopangwa ndani ya Android hufutika simu ikizimika. Mahali ambapo betri hukauka kila mara, kengele ya jioni itakufa wiki ya kwanza na mtadhani watu wamechoka na programu. Ombeni ruhusa ya RECEIVE_BOOT_COMPLETED na mzipange kengele upya kila simu inapowashwa. Kama saa ya arifa ilipita simu ikiwa imezimika, ionekane baada ya kuwashwa, ila isiwe baada ya saa tano usiku. Tangu Android 13, programu lazima iombe ruhusa ya kutoa arifa, na mtumiaji akikataa mara mbili mfumo hautamuuliza tena. Msiombe mara tu programu inapofunguliwa. Ombeni baada ya jibu la kwanza, pale anapochagua saa yake. Simu nyingi za bei nafuu pia huua programu zilizo nyuma ili kutunza betri. Jaribuni kwenye aina tatu za simu ambazo wanafunzi wanazo kweli, si kwenye kompyuta peke yake.

Saa nayo ina mtego. Lubumbashi iko saa moja mbele ya Kinshasa. Mkiweka kanda ya saa ya Africa/Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu, siku yenu itageuka saa saba usiku. Mkitumia UTC (saa ya kimataifa), itageuka saa nane. Wekeni Africa/Lubumbashi, na mpaka wa siku uwe saa kumi alfajiri. Anayesoma hadi saa saba usiku akijibu, jibu liingie kwenye siku anayoihisi bado haijaisha.

Majibu yakae kwenye simu, katika hifadhidata iliyofungwa kwa PIN, na yapelekwe kwenye seva mara moja kwa wiki kwa wanaokubali. Maandishi matupu hayafiki kilobaiti 50 kwa wiki. Picha na video zisiwepo. Kuna simu nyingi za kushirikiana nyumbani, kwa hiyo arifa isome «Swali lako la leo liko tayari», si «Huzuni yako inaendeleaje?». Mkituma pia SMS, ujumbe mmoja ni herufi 160, ila Kifaransa chenye ê au ç ndogo kinaushusha hadi 70, na ujumbe mrefu kuliko hapo mtaulipia mara mbili au tatu. Kiswahili hakina tatizo hilo.

Kuna pia wazo la kuwaunganisha wanafunzi wawili wawili ili wafuatiliane: ni zuri, mradi mliwekee mipaka. Kila mwanafunzi amchague mtu mmoja anayemjua, wabadilishane namba ya siri ya tarakimu sita wakiwa uso kwa uso. Mwenzake aone alama moja tu, kwamba leo amejibu. Asione sura wala sababu. Msiwaunganishe watu wasiojuana, hasa kwa usalama wa wasichana, na msimpe CP (kiongozi wa darasa) uwezo wa kuona darasa zima. Kundi la watu kumi halifai, maana kila mtu hudhani mwingine ndiye ameuliza. Wafundisheni wawili hao hatua tatu za mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia: angalia, sikiliza, unganisha. Skrini moja inatosha.

Sasa la uzito zaidi. Kupima hali ya mtu tumieni WHO-5, dodoso la ustawi la WHO: maswali matano, kila moja alama 0 hadi 5, jumla mnazidisha kwa 4 mpate 0 hadi 100. Alama 50 kushuka ni dalili ya kumuelekeza mtu kwa mshauri, 28 kushuka ni haraka zaidi. Maswali yake yanahusu wiki mbili zilizopita, hivyo ulizeni kila baada ya siku 14, si kila jioni. Yasomeni kwa sauti mbele ya wanafunzi kadhaa wa hapa kabla ya kuyatumia, Kiswahili na Kifaransa vyote viwili. Kuhusu PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, swali la 9 linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Kama hamna mtu aliyefunzwa atakayesoma jibu hilo siku ile ile na kumpigia, msiliulize. Kuuliza kisha kunyamaza ni hatari. Badala yake kitufe cha «Nahitaji mtu sasa» kionekane kwenye kila skrini, kifanye kazi bila intaneti, kipige simu moja kwa moja. Namba zilizomo zipigeni wenyewe kila mwezi. Namba iliyokufa nyuma ya kitufe hicho ni kosa kubwa kuliko yote niliyotaja.

Data za afya zinalindwa na sheria ya nchi, Code du numérique, Ordonnance-loi n° 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Msikusanye jina wala namba ya matrikule (ya usajili chuoni). Chuo kikitaka ripoti, kipewe takwimu za makundi ya watu kumi na kuendelea, na kipengele hicho kiandikwe mapema kwenye makubaliano, kabla mtu hajawaomba jina la mwanafunzi mmoja.

Kabla ya kuandika kodi ya programu, jaribuni kwa mikono: wanafunzi 12, siku 14, nyinyi wenyewe mkiwatumia swali kwa WhatsApp kila jioni na kuandika majibu kwenye daftari. Chagueni wa miaka tofauti, wa Kassapa na wa kutoka Katuba au Kampemba. Siku ya 15 muulizeni kila mmoja ni jioni ipi hakujibu na kwa nini. Majibu hayo ndiyo yatakayowapangia saa ya arifa. Programu ikishatoka, fuatilieni vitu vinne: waliojibu angalau mara tatu kwa wiki katika wiki ya 1, 2, 4 na 8, waliorudi baada ya kukosa siku tatu, waliokamilisha kitendo walichokichagua, waliobonyeza kitufe cha msaada. Cha pili ndicho ningekitazama kwanza. Mtu anayeifungua mara kumi kwa siku si ushindi, huenda hali yake imezidi kuwa mbaya.

Mkimaliza maandishi ya skrini nne, yaani swali, sentensi ya majibu saba, kurudi na msaada, yabandikeni hapa tuyasome kabla hamjaanza kuandika kodi.