Mtoto wa mbwa wa kulinda mifugo anagoma kamba na chakula: yaliyonisaidia mimi

Mkuu, umesema Kangal wako wa miezi minne ukimfunga kamba analala chini kama gunia, na chakula anaacha nusu bakuli. Nimelea jike wa aina hiyohiyo tangu ana wiki kumi, na yote mawili yalinikuta.

Kwanza usimwite mkaidi. Mbwa hawa, iwe Kangal, Maremma au Great Pyrenees, wamezalishwa kwa karne nyingi wabaki na kundi usiku kucha na wajiamulie wenyewe. Border Collie, mbwa wa kuswaga mifugo, humtazama mchungaji akingoja ishara. Wako anakutazama, anapima, halafu anaamua. Ukimvuta, naye anakaza upande wake. Leo utamshinda nguvu, ila akifika kilo hamsini hutamweza.

Mimi niliharibu hapo. Siku ya tatu nilimburuta hatua chache tu, na wiki nzima akawa akiona kamba anajificha nyuma ya hori. Ikabidi nianze upya. Siku kadhaa mkanda wa shingoni peke yake, kisha kipande chepesi cha kamba akikiburuta mwenyewe, nami nipo karibu isije ikanasa mahali. Baadaye nikashika ncha na kumfuata alikokwenda yeye. Alipozoea ndipo nikaanza kusimama: kamba ikikaza nasimama, simvuti wala simwiti, ikilegea tunaendelea. Siku moja alilala katikati ya njia. Nikachuchumaa nimempa mgongo, zikapita kama dakika kumi, akainuka mwenyewe na kuja.

Tulifanya dakika tano asubuhi na tano jioni, njia ileile ya kuzunguka uzio wa zizi. Naamini njia hiyo ndiyo iliyomfungua, kwa sababu kukagua mipaka ni kazi anayoielewa. Vipande vya nyama mara nyingine alivikataa, lakini kusogezwa karibu na mbuzi hakukataa hata siku moja. Basi mbuzi wakawa ndio ujira wake.

Kwenye chakula, usiwe na haraka ya kuogopa. Mbwa hawa hula kidogo kuliko umbo lao linavyoonyesha, na kati ya miezi minne na sita meno ya utoto yanang'oka, ufizi unauma. Nilikuwa nalowesha chakula kikavu kwa maji ya vuguvugu robo saa. Milo mitatu kwa siku hadi miezi sita, kisha miwili. Bakuli linakaa dakika ishirini, naliondoa.

Ninachokuomba sana, usimnenepeshe ili awe mkubwa upesi, na usimwongezee kalsiamu. Mtoto wa mbwa wa aina kubwa hawezi kuizuia vizuri kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na mifupa na viungo vyake vinaweza kukua vibaya. Chakula kilichotengenezwa kwa watoto wa mbwa wakubwa tayari kina kiasi anachohitaji. Pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza kwa nguvu. Akiwa hivyo na anacheza, nusu bakuli imemtosha. Ila akigoma kula kabisa huku amelegea, anatapika au anaharisha damu, hiyo inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Na usimlishe katikati ya mbuzi. Watalivamia bakuli, naye atajifunza kulilinda, na mwisho atamng'ata mwana-mbuzi aliyepita tu. Wangu nilimtengea kona yenye lango, na kila mlo nilimpeleka huko kwa kamba, taratibu, nikisimama kila inapokaza. Wiki mbili hazikuisha, akawa akiniona nimeshika kamba anatangulia langoni kunisubiri.