Jibu: Mtoto afanye mazoezi ya piano kwa saa ngapi?
Ndugu yangu, umeuliza kama binti yako wa miaka 8 anapaswa kukaa kwenye piano kwa muda wa saa 5 kila siku. Kwa maoni yangu, hapana. Clara Wieck, mpiga piano mashuhuri aliyezaliwa Leipzig, Ujerumani, mwaka 1819 na baadaye akaolewa na mtunzi wa muziki Robert Schumann, alifundishwa na baba yake, mtu mkali kupita kiasi, somo la saa 1 kwa siku na mazoezi ya saa 2, kisha akapelekwa kutembea nje. Tena alianza kwa kupiga alichokisikia, kabla ya kusoma nota. Mwaka 1828, akiwa na miaka 9, alipanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi wa muziki wa Leipzig. Mpunguzie saa, keti karibu naye umsikilize, na kiganja kikianza kukakamaa, mwache apumzike.