VISTA ya vyuoni: uraia si lazima

Umeuliza kama lazima uwe raia wa Marekani ndo ujiunge na VISTA: hapana kaka, si lazima. AmeriCorps VISTA, ule mpango wa serikali ya Marekani wa kujitolea mwaka mzima kupambana na umaskini, inachukua pia wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu) na hata wakimbizi na waliopewa hifadhi, kwa hiyo ndugu zetu Wakongo waliofika kama wakimbizi wanaruhusiwa kabisa, ila aliyeko kwa viza ya mwanafunzi ndo hawezi. Nimeyajua haya kwa sababu nilihudumu mwaka mzima kwenye ofisi ya chuo kupitia Campus Compact, ule muungano wa vyuo ulioanzishwa 1985 kusukuma wanafunzi washiriki mambo ya jamii.

Lakini usiite mshahara, ni posho, na imepangwa makusudi karibu na mstari wa umaskini ili uishi kama watu unaowatumikia, nyumba ilibidi tushee watu wanne na kula maharage sana. Ukimaliza mwaka unachagua, hela ya masomo ambayo unaweza kulipia mkopo wa chuo au kuendelea kusoma ndani ya miaka 7, ama keshi ambayo ni ndogo zaidi. Kama una mkopo chukua ya masomo, usitamani keshi. Na kazi yenyewe sio kufundisha watoto, ni kuandika maombi ya ruzuku, kutafuta mashirika ya mtaani, kuwapanga wanafunzi wanaojitolea, yaani unajenga kitu kibaki ukiondoka. Cheki kwanza kama chuo unachokitaka kina nafasi mwaka huu maana zinategemea bajeti ya serikali.