Maswali na majibu: Unguja likizo hii, twende wapi?

Mimi na mume wangu tuna siku tatu tu Unguja. Huyu anatuambia Nungwi, yule anasema Mji Mkongwe. Tuanze wapi? (Bibi harusi, Mwanza)

Hongereni sana. Anzeni mjini. Boti ya Dar inawashusha hapo hapo, na mkishakwenda shamba, yaani nje ya mji, na kuonja ufukwe, kurudi mjini mtaona uvivu. Asubuhi nendeni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa; soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Nje kuna sanamu za watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Wapeni muda wao, msipige picha na kukimbia.

Jioni ni bustani ya Forodhani, penye vyakula vya usiku. Bei ulizeni kabla ya mshikaki kuwekwa motoni, si baada. Mimi kwa maoni yangu mishikaki ya pweza imezidi kusifiwa, tafuteni urojo. Bakuli moja lina viazi, bajia, kachori, chatini ya nazi na chipsi za muhogo juu, vyote vinaogelea kwenye mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe. Siku mbili zilizobaki, fukwe za kaskazini, Nungwi au Kendwa.

Nilichagua hoteli Paje kwa sababu ya picha. Nimeamka asubuhi, bahari hakuna! Ni mchanga tu mpaka mbali. Nimetapeliwa? (Msomaji, Nairobi)

Hujatapeliwa, ndugu yangu, umekutana na bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani, Bwejuu mpaka Michamvi, ina kina kifupi mno ndani ya mwamba, kwa hiyo maji yakitoka hutoka kwelikweli. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo hukupwa zaidi, na siku hizo kwa kawaida utakuta bahari imekwenda zake mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Alasiri itarudi mpaka karibu na minazi. Kila siku saa hizo huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo ukimuuliza mvuvi leo, wiki nzima umeshaijua.

Maji yakiwa nje usikae chumbani kununa. Vaa viatu, kwa sababu kuna wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu, na mwiba wao ukikuingia unavunjikia ndani. Tembea uone viti vya pweza, wale viumbe wenye umbo la nyota, kwenye vidimbwi, na kina mama wa mwani wakiwa kazini. Kilimo hicho kilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima wengi ni wanawake. Vijiti vimechomekwa mchangani, kamba imevutwa kati yake, na kila kichipukizi kimefungwa kimoja kimoja kwa mkono, mgongo umeinama, jua la saa tano kichwani. Salimia kwanza, omba ruhusa, ndipo utoe simu. Sabuni ya mwani ukiikuta inauzwa kijijini, nunua.

Anayetaka kuogelea kutwa nzima bila kuulizia maji aende Nungwi au Kendwa. Huko bahari haiendi mbali.

Nina watoto wawili, miaka sita na tisa. Kobe wa kisiwa cha Changuu au kima wa msitu wa Jozani? (Mama, Morogoro)

Kobe kwa huyo wa miaka sita. Wa kwanza waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na ukimshikia mmoja jani la mchicha hunyoosha shingo taratibu mpaka mtoto anapiga kelele. Asiwapande mgongoni, hata wenzake wakifanya hivyo. Kupanda mashua mtakanyaga maji, na jaketi la kuokolea lidai kabla haijaondoka. Jela ya pale, kwa taarifa yako, haikufunga wafungwa; ikawa karantini.

Huyo wa tisa atapenda Jozani. Kima punju hawapatikani popote duniani ila Zanzibar. Wana migongo myekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani, na hula vipande vya mkaa ili kutuliza sumu ya majani wanayokula. Msiwakaribie, mafua yetu yanawadhuru. Bebeni vitambulisho vya NIDA mlipe kiingilio cha mwananchi.

Beit el-Ajaib bado ipo? (Mstaafu, Tanga)

Shikamoo mzee. Ipo, lakini si ile uliyoiacha. Jengo hilo la Sultan Barghash la mwaka 1883 liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wawili wakafariki, ndipo kazi ya kulijenga upya ikafuata. Hata ukiishia kulitazama kutoka Forodhani, bado linapendeza.

Pomboo wa Kizimkazi wanafaa? (Msomaji, Kampala)

Pomboo wanafaa, zile mbio za mashua ndizo hazifai. Boti kumi zikiwazunguka wanazama na kukimbia, nawe umelipa kuona mapovu. Tafuta nahodha anayekubali kuzima mashine na kusubiri. Ukirudi pwani, pita Dimbani uuone msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Vaa nguo za heshima.

Unguja nimeshaimaliza. Pemba au Mafia? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hakuna aliyeimaliza Unguja, lakini haya. Kati ya Oktoba na Februari nenda Mafia: papa potwe huja karibu na Kilindoni kula, na unaogelea pembeni yake akiwa na urefu wa basi dogo. Yeye hamgusi mtu, wewe pia usimguse. Miezi mingine chukua Pemba, msitu wa Ngezi na wale popo wakubwa wa huko, kisha kisiwa cha Misali kwa mashua. Mwezi wa nne na wa tano masika inaharibu safari zote mbili, kwa hiyo fedha yako iache benki.