Mtoto anaelewa kila kitu ila hawezi kujieleza: jibu langu kwa mleta uzi

Mleta uzi, pole, na umefanya vizuri kuuliza sasa. Umesema mwanao ana miaka minne. Ukimtuma kikombe jikoni analeta kikombe, ukimwambia avae viatu anavaa, lakini yeye akitaka kusema jambo anatoa neno moja au mawili kisha anakushika mkono akuvute. Mama mkwe anataka apelekwe akakatwe udata, yaani kile kiuzi kinachoshika ulimi kwa chini, jirani anasema ni kuchanganyiwa Kigogo na Kiswahili, na wewe unawaza umbakize nyumbani mwaka mzima kabla ya kumwanzisha darasa la awali. Niko Nkuhungu, Dodoma, kijana wangu alipita hapo hapo na sasa yuko darasa la tano. Najibu kwa niliyoyaona na niliyoelezwa na wataalamu.

Kuelewa lugha na kuitoa ni kazi mbili tofauti, na mtoto anaweza kuiweza moja, nyingine ikamshinda. Wangu alikuwa anasema "baba gari". Hapo baba amekuja na gari? Ameondoka nalo? Au anunue gari? Huwezi kujua. Vitenzi alivitoa vitupu: "kula", iwe ameshakula, anataka kula, au aliyekula ni mdogo wake. Wenzake wa rika lile walikuwa wanasema "amenipiga" na "sijamaliza", yeye anasema "piga" na unabaki kutafuta nani kampiga nani. Majina ya vitu nayo yalimponyoka. Kisu alikijua, ukimwambia akuoneshe anakuonesha, lakini kukitaja anaishia "kile, kile cha nyanya".

Siku moja alikuja mbio jikoni akanivuta khanga, "mbuzi, mbuzi". Nikamwitikia, ndiyo, mbuzi. Akakanyaga chini kwa hasira, akavuta kola ya fulana yake, akaitia mdomoni na kuitafuna huku ananitazama usoni. Nikatoka nje. Mbuzi wa jirani alikuwa kwenye kamba ya nguo anatafuna shati la shule la dada yake. Mtoto huyu alikuwa na habari kamili kichwani, ameipanga, na akatafuta njia ya kuifikisha. Ndiyo maana naumia nikisikia watoto wa aina hii wanaitwa wazito wa akili au wakorofi. Mara nyingi anatupa vitu na kupiga wenzake kwa sababu kusema kumemshinda.

Wataalamu wanaita hali hii shida ya lugha ya kujieleza. Siku hizi wengi wanaiweka ndani ya jina pana, tatizo la ukuaji wa lugha, ambalo jopo la wataalamu wa nchi zinazotumia Kiingereza lilikubaliana kulitumia mwaka 2017. Tafiti za Marekani na Uingereza zimekuta tatizo hilo kwa takribani 7% ya watoto wanaoanza shule. Kwa madarasa yetu ya watoto 60, hao ni kama wanne. Mara nyingi linatembea katika ukoo, na halitokani na malezi mabaya wala uvivu, kwa hiyo asikubebeshe mtu lawama.

Kabla ya lolote, mpimishe masikio. Usiseme "anasikia, nikimwita anageuka". Mtoto anaweza kugeuka akiitwa na bado akawa hapati sauti ndogo za maneno, hasa anayeugua mafua mara kwa mara mpaka maji yakajikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Na kama kuna maneno aliyokuwa anayasema akayaacha, au hakutazami wala hakuoneshi vitu kwa kidole, mwambie daktari hivyo hivyo, maana hapo wataangalia na mambo mengine kama usonji.

Kuhusu udata, tafadhali usimpeleke kukatwa. Ulimi ulioshikwa unaweza kusumbua matamshi ya baadhi ya sauti, lakini haumzuii mtoto kupanga sentensi, na shida ya mwanao ni sentensi. Wembe wa mtaani utamwachia jeraha na hatari ya kutoka damu nyingi au kupata maambukizi. Kigogo nacho hakina kosa. Lugha mbili hazileti tatizo hili. Muulize bibi yake: je, kwa Kigogo anajieleza vizuri? Kama anakwama huko pia, tatizo ni lugha yenyewe, na ukimkataza bibi Kigogo utakuwa umempunguzia mtoto mtu wa kuzungumza naye.

Sasa kazi ya nyumbani, ambayo ndiyo kubwa. Wataalamu wa usemi na lugha ni wachache mno nchini, kwa hiyo ukimpata mmoja, jifunze kwake wewe mwenyewe, maana wewe ndiye unayeshinda na mtoto. Kilichotusaidia zaidi ni kupunguza "sema!" na "hiki nini?". Mtoto akisema "mbuzi", mrudishie sentensi fupi iliyokamilika: "Mbuzi anakula shati." Baadaye: "Mbuzi amekula shati." Usimlazimishe arudie. Ukichambua mlenda, sema unachofanya: nachambua, nimechambua, sasa nakata. Mpe vitu viwili achague, "Unataka uji au chai?", kisha nyamaza umsubiri, hata kama ukimya unakuwasha. Dada yake tulimwomba aache kumjibia. Maneno mawili yakawa matatu, na viambishi vikaja polepole sana, "ame" kabla ya "ata". Hata leo akisimulia jambo refu anapoteza mpangilio, na insha zinamtesa kuliko hesabu. Wapo wanaofikia wenzao kabisa, wapo wanaobaki na alama yake mpaka ukubwani.

Na hilo la awali: mpeleke Januari, usimbakize. Anahitaji kuwa katikati ya watoto wanaoongea. Ila kabla hajaanza, nenda ukaonane na mwalimu ana kwa ana, umwambie kwamba anaelewa maelekezo, kwamba kunyamaza kwake si kiburi, na kwamba akiulizwa apewe majibu mawili ya kuchagua badala ya kusimamishwa mbele ya darasa aeleze. Mwambie pia njia anayotumia kuomba kwenda chooni, kwa sababu hilo ndilo litakalomwaibisha wiki ya kwanza kama mwalimu halijui.