Maswali na Majibu: Maji Miguuni mwa Abiria

Barua za mwezi huu zinahusu maji yanayoonekana ndani ya gari, na karibu zote zimeandikwa baada ya fundi kukwisha kulipwa. Laiti zingeandikwa kabla.

*Nasafiri kati ya Moshi na Arusha kila wiki na AC ikiwa imewashwa, na kapeti la abiria wa mbele linalowa. Fundi amesema gesi inavuja, amejaza mara mbili, lakini maji hayajaisha. (Majengo, Moshi)*

Ndugu yangu, gesi ya AC haivuji kama maji. Gesi iliyo katika magari yetu mengi, R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo ikipata tundu hupotea hewani bila kulowesha chochote. Maji unayoyaona yametoka katika hewa yenyewe: evaporeta, yaani kipozeo cha AC kilicho nyuma ya dashibodi, hupoa, unyevu ukageuka matone juu yake kama yale ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, kisha matone hayo hukusanyika katika sinia na kutoka nje kwa mpira mdogo unaopita kwenye ukuta wa injini. Mpira huo ukizibwa na vumbi, majani au tope, sinia hujaa, na mara nyingi maji humwagika pale gari linapokata kona.

Pima hivi kabla hujatoa shilingi moja. Siku ambayo mvua haijanyesha, egesha gari mahali tambarare, pakavu na pa wazi, kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa kwa sababu moshi wa injini huua, uiache AC ikifanya kazi kwa dakika 20, kisha uchungulie chini. Kapeti likilowa wakati chini ya gari hakudondoki kitu, mpira umeziba au umechomoka. Kumbuka tu kwamba katika baridi kavu ya Julai hapa Arusha matone huwa machache, ilhali Moshi mwezi Machi huwa mengi. Na kwa fundi anayejaza gesi bila kupima, msirudi tena, kwani gesi ikizidi huielemea kompresa, yaani pampu ya AC.

*Je, ni kawaida maji kudondoka chini ya gari nikiegesha? (Sakina)*

Ndiyo, yakiwa maangavu na hayana harufu.

*Naweza kuuzibua mpira huo kwa upepo wa kujazia matairi? (Usa River)*

Usifanye hivyo. Upepo mkali unaweza kuuchomoa mpira upande wa ndani, mahali usipopaona, au kurudisha tope lote juu ya evaporeta. Waya wa chuma nao ni hatari, kwa kuwa unaweza kuitoboa evaporeta. Tumia waya laini wa plastiki kutokea chini, taratibu, au uvute uchafu kwa mashine ya kufyonza.

*Maji yananata, yana harufu tamu, na kioo cha mbele kina ukungu usiofutika vizuri. (Njiro)*

Hiyo ni hita inayovuja kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, wala si AC. Angalia kiwango cha kulanti injini ikiwa imepoa, na usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Watoto na mbwa wasikaribie kimiminika hicho, kwani ni sumu. Wengi wetu hujaza rejeta maji ya bomba, na hilo nimelikemea mara nyingi, kwa sababu huleta kutu ndani ya injini na pia huficha ugonjwa huu: rangi na harufu hazipo, na dalili inayobaki ni kwamba rejeta hupungua maji na kapeti hulowa hata AC ikiwa imezimwa.

*Gari langu linaingiza maji, tatizo ni nini? (wasomaji watano)*

Hamkusema kama mvua ilinyesha, kama gari lilioshwa, wala kama AC ilikuwa imewashwa. Bila hayo hakuna anayeweza kujibu. Iwapo hulowa baada ya mvua, fungua boneti uangalie chini ya waipa, ambako maua ya mijakaranda huziba matundu ya kutolea maji, kisha ukague mipira ya milango. Silikoni inayopakwa kila mahali bila kujua maji yanapoingilia huharibu kazi ya fundi atakayefuata.

*Safari ikiwa ndefu baridi hupungua, na nikizima AC maji mengi humwagika. (Himo)*

Evaporeta inaganda barafu. Anza na chujio la hewa ya ndani, ambalo kwa vumbi letu huziba mapema. Likiwa safi, ndipo gesi ipimwe kwa geji.

*Nimeshazibua mpira. Kapeti litakauka lenyewe? (Moshi)*

Juu litakauka, lakini sponji iliyo chini yake itabaki na maji kwa wiki nyingi, huku ikiotesha kuvu na kula viungio vya nyaya vilivyo chini ya viti, zikiwemo za mifuko ya hewa. Chomoa betri, toa viti, uanike kapeti juani hadi sponji ikauke kabisa.